Kujifunza Kijapani kwa Njia ya Kiswahili: Majibu ya Maswali ya Sarufi na Uandishi kwa Wanaoanza

Jioni nyingi, baada ya swala ya alasiri, watu wanne au watano huketi nami barazani hapa Lamu, kila mmoja na daftari lake, tukajifunza Kijapani. Mmoja wao huvusha wageni kwenda Manda na Shela kwa mashua, mwingine amemaliza kidato cha nne juzi, na waliobaki kila mtu ana sababu yake. Vitabu tulivyo navyo vyote vimeandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya watu waliozaliwa katika Kiingereza, na kadiri miaka inavyokwenda nimetambua kwamba nusu ya maswali ninayoulizwa hayatokani na Kijapani bali yanatokana na vitabu hivyo. Mwanafunzi huelezwa kwa kurasa tatu jambo ambalo yeye hulifanya kila siku kwa Kiswahili bila kujua, kisha jambo linalomtatiza kweli hupewa mstari mmoja. Kwa hiyo nimeyapanga maswali hayo upya, kwa utaratibu unaomfaa mtu anayefikiri kwa Kiswahili.

Hatua ya kwanza: sauti kabla ya herufi

Kijapani kina irabu tano, a, i, u, e, o, nazo hutamkwa karibu sawa na zetu. Silabi zake karibu zote huishia kwa irabu, kama zetu. Hata ile sauti ya ん, ambayo wengine huhangaika nayo, sisi tunayo: ni kama «m» ya «mtu» au «n» ya «nchi», ambayo haina irabu lakini ina pigo lake. Neno «hon», yaani kitabu, lina mapigo mawili, ho na n, kama vile «mtu» lilivyo na mapigo mawili. Mwenye Kiswahili hana haja ya kutumia wiki nzima hapa.

Mambo mawili ndiyo ya kuangaliwa. La kwanza ni mkazo. Sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na tukisoma Kijapani tunaubeba mkazo huo bila kujijua, ilhali Mjapani hupandisha na kushusha sauti tu, na mapigo yake yote yana uzito mmoja. Soma taratibu, ukigonga kidole juu ya daftari kwa kila pigo, mpaka ulimi uache kukaza.

La pili ni urefu. Kila mmoja wetu anajua kwamba kukata si kukataa, na kufa si kufaa. Kijapani hutenganisha maneno kwa njia hiyo hiyo: «obasan» ni shangazi au mama wa makamo, na «obaasan» ni nyanya au bikizee, kwa hiyo ukirefusha irabu pasipotakiwa umemzeesha mwanamke wa watu mbele ya wageni. Konsonanti nazo hukazwa, na hapa aliyepitia chuo cha Kurani ana faida kubwa, maana alama ndogo ya っ hufanya kazi ya shadda, ile alama ya Kiarabu ya kukaza herufi. «Kite» ni njoo, «kitte» ni stempu ya barua, na «kiite» ni sikiliza. Itamke ile ya katikati kama unavyotamka herufi yenye shadda katika msahafu, ukisimama kidogo kabla ya kuiachia, wala hutakosea.

Hatua ya pili: hati tatu, na kila moja kazi yake

Swali la kwanza kabisa la kila mwanafunzi ni kwa nini lugha moja iandikwe kwa hati tatu. Kwa mtu wa Lamu jambo hili lisishangaze sana, kwa kuwa mababu zetu waliandika tenzi na barua zao kwa herufi za Kiarabu, nasi leo tunaandika Kiswahili hicho hicho kwa herufi za Kirumi. Tofauti ni kwamba Mjapani huzichanganya hati zake ndani ya sentensi moja. Kanji, zilizotoka China, hubeba maana ya nomino na mashina ya vitenzi na vivumishi. Hiragana, zenye mikunjo, huandika miisho ya maneno hayo na vineno vidogo vya sarufi. Katakana, zenye pembe, huandika maneno ya kigeni na majina yetu sisi wageni.

Anza na hiragana. Alama za msingi ni 46. Chukua daftari la hesabu lenye miraba, uandike alama tano kila siku, kila moja mraba wake, ukizitamka kwa sauti. Katika siku kumi hivi utakuwa umezimaliza, na tangu siku hiyo uache kabisa kuandika Kijapani kwa herufi za Kirumi. Nimewaona waliokataa kuziacha. Baada ya mwaka mzima bado walikuwa wanasoma kama mtu anayetembea na magongo ilhali miguu yake ni mizima.

Kisha ingia katakana mara moja, wala usiziahirishe, na uanze na jina lako. Kanuni ni moja: andika linavyosikika, si linavyoandikwa. Bakari ni バカリ, Fatuma ni ファトゥマ, Mwanaisha ni ムワナイシャ. Sauti tulizozipata kwa Waarabu ndizo hupotea: «kh» ya Khadija hugeuka «h», ハディジャ, «th» ya Athumani hugeuka «s», アスマニ, na «gh» huwa «g» tupu. L na R ni sauti moja kwao, kwa hiyo mji wetu huandikwa ラム, na Mjapani anayeliona neno hilo peke yake huenda akafikiria nyama ya mwanakondoo, au mvinyo wa miwa, ambavyo navyo huandikwa vivyo hivyo. Dawa yake ni kuongeza kanji ya kisiwa: ラム島, Kisiwa cha Lamu.

Alama nne za katakana huwachanganya watu wote: シ (shi), ツ (tsu), ン (n) na ソ (so). Usizitazame kama picha. Tazama kalamu inavyokwenda. Katika シ na ン vistari vidogo viko ubavuni kushoto, na mstari mrefu huvutwa kutoka chini kwenda juu. Katika ツ na ソ vistari vidogo viko juu, na mstari mrefu hushuka. Ukisahau, kumbuka hiragana zake: し hushuka kisha ikapinda kwenda juu, na つ hupita juu kisha ikashuka.

Swali jingine lisilokosa ni hili: kwa nini は husomwa «ha» ndani ya neno, lakini ikifuata nomino kama kineno cha sarufi husomwa «wa»? Vilevile へ husomwa «e», na を husomwa «o». Mwaka 1946 tahajia ya Kijapani ilirekebishwa ili ifuate matamshi, lakini vineno hivi vitatu vikaachiwa maandishi yao ya zamani kwa sababu macho ya watu yalikuwa yamevizoea mno. Aliyesoma msahafu hashangai, kwani neno la swala huandikwa humo kwa wau na likasomwa kwa alifu. Ndiyo maana salamu ya mchana, «konnichiwa», huandikwa こんにちは, na は mwishoni; kuiandika kwa わ ni kosa. Ukiwa unaandika kwa simu, bonyeza «ha» upate は, «wo» upate を, «nn» upate ん, na urudie konsonanti upate っ.

Usitafute nafasi kati ya maneno, kwa sababu hakuna. Mabadiliko ya hati ndiyo yanayoonyesha neno linapoanzia: macho yakitoka kwenye hiragana yakakutana na kanji, jua kwamba neno jipya limeanza. Maandishi ya kusimama husomwa kutoka juu kwenda chini, safu zikianzia kulia, na kitabu cha namna hiyo hufunguliwa upande ule ule tunaofungulia msahafu.

Kanji, bila hofu

Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida ina 2,136, na mtoto wa darasa la kwanza nchini Japani hujifunza 80. Anayeanza ajipangie hizo 80.

Kinachowaudhi wanafunzi ni kwamba kanji moja ina masomo, yaani namna za kusomwa, mawili au zaidi. 水 ni «mizu» ikisimama peke yake kwa maana ya maji, lakini ndani ya maneno ya kuunganishwa husomwa «sui». Somo moja ni neno la Kijapani cha asili, na jingine ni sauti iliyokuja na herufi kutoka China. Hesabu zetu zenyewe zimefanyika hivyo: moja, mbili, tatu, nne na tano ni za Kibantu, kisha sita na saba zikaja kwa Kiarabu, nane ikarudi kwetu, tisa ikatoka tena ng'ambo. Hakuna anayelalamika. Basi usijifunze masomo ya kanji kama orodha. Jifunze maneno, na masomo yatakuja ndani yake.

Jifunze pia vipande vinavyounda kanji. Chukua 海, bahari. Upande wa kushoto ina vistari vitatu kama matone, navyo vinatokana na ile 水 ya maji. Ukishavijua utaviona katika 波 (wimbi), 泳 (kuogelea), 汗 (jasho), 油 (mafuta) na 津 (bandari). Weka bandari na wimbi pamoja upate 津波, «tsunami», neno ambalo watu wa pwani hii walilisikia redioni Desemba 2004 bila kujua kwamba ni maneno mawili. Unapoandika, fuata mpangilio wa mistari: juu kabla ya chini, kushoto kabla ya kulia, na mara nyingi mstari wa kulala kabla ya ule wa kusimama. Si pambo hilo. Anayeuvunja mpangilio huo huandika kanji ambazo wenyewe hawazisomi anapoandika haraka.

Hatua ya tatu: kitenzi mwisho

Hapa ndipo penye ugumu wa kweli kwetu. Kiswahili husema «Ali ananunua samaki». Kijapani husema «Ari wa sakana o kaimasu», yaani Ali, samaki, ananunua. Kila kinachofafanua hutangulia kinachofafanuliwa. «Mashua ya Ali» ni «Ari no fune», Ali akiwa mbele. «Samaki niliyemnunua jana» ni «kinou katta sakana»: jana, nilinunua, samaki. Njia iliyowafaa wanafunzi wangu ni kuchukua sentensi ya Kiswahili, kuikata vipande kwa kalamu, na kuvipanga upya kuanzia mkiani. Fanya hivyo kwa sentensi kumi kila siku kwa mwezi mmoja kabla ya kutafuta sarufi nyingine.

Kinachokuokoa ni vineno vinavyofuata nomino. «O» huonyesha kinachotendwa. «No» ni kiunganishi chetu cha -a katika «ya, wa, cha», ila hakibadiliki kwa ngeli, na hiyo ni raha. Tahadhari ni kwa «ni» na «de», maana kiambishi chetu cha -ni katika «sokoni» na «nyumbani» hubeba mizigo yote miwili. Mahali mtu au kitu kilipo, au kinapokaa, ni «ni»: «Ramu ni sunde imasu», ninaishi Lamu. Mahali kitendo kinapofanyika ni «de»: «Ramu de hataraite imasu», ninafanya kazi Lamu. «De» hiyo hiyo ni «kwa» ya chombo: «fune de Manda e ikimasu», ninakwenda Manda kwa mashua.

«Wa» na «ga»

Swali hili limejaziwa kurasa nyingi kuliko jingine lolote, na ninaamini ndilo Kiswahili hulijibu vizuri zaidi. «Wa» huliweka jambo mbele ya wasikilizaji, kisha likasemwa lake: «Ali? Amekuja.» Hiyo ni «Ari wa kimashita». «Ga» humchagua mtu au kitu kati ya wengine, na kazi hiyo sisi huipa «ndi-»: «Ali ndiye aliyekuja.» Hiyo ni «Ari ga kimashita». Kwa hiyo neno la kuuliza halichukui «wa» kwa kawaida. Ukiuliza nani amekuja unasema «dare ga kimashita ka», na jibu hurudi kwa «ga» vilevile, kwa sababu anayejibu anachagua. (Na utahadhari hapo: «nani» ya Kijapani ni «nini» yetu; «nani» yetu ni «dare».)

Vyote viwili huweza kukaa katika sentensi moja, na hapo vitabu huanza kusema kwa lugha ya kutisha. Lakini sikiliza: «Mimi kichwa kinaniuma.» Umejitaja mwenyewe mbele, kisha ukasema kinachouma ni nini. Kijapani chake ni «watashi wa atama ga itai», neno kwa neno karibu: mimi, kichwa, inauma. Siku nilipoiandika sentensi hiyo ubaoni, yule nahodha wetu alicheka akasema kumbe amekuwa akisema Kijapani tangu utotoni.

Ga pia hutumika kutaja jambo jipya ambalo msikilizaji hakulitarajia: «ame ga futte imasu», mvua inanyesha. Hapo «ndi-» haitafaa, lakini ukishaizoea maana ya kwanza hii nayo itakujia.

Hatua ya nne: ngeli zao

Watu husema Kijapani hakina ngeli. Nomino zake kweli hazina wingi wala upatanisho, na «sakana» ni samaki mmoja au mia. Lakini ngeli zilizotoka mlangoni zimerudi kwa dirishani, unapohesabu. Vitu virefu vyembamba, kama kalamu, mlingoti au muwa, huhesabiwa kwa «hon»: ippon, nihon, sanbon. Vitu bapa kama karatasi na kanga ni «mai». Watu ni «nin», isipokuwa mmoja na wawili, «hitori» na «futari». Paka ni «hiki»: ippiki, nihiki, sanbiki. Punda, kwa ukubwa wake, ni «tou», kwa hiyo punda mmoja ni «ittou». Chombo kidogo cha majini ni «sou», na meli ni «seki». Vitabu ni «satsu». Unapokwama, tumia hesabu za asili, hitotsu, futatsu, mittsu, mpaka too, ambazo huhudumia vitu vingi hadi kumi, watakuelewa.

Kuna na upatanisho mmoja wa uhai. «Kuna» ya chenye uhai ni «iru», na ya kisicho na uhai ni «aru». Sisi samaki humwita «huyu» akiogelea na humwita «huyu» akikaangwa. Mjapani hubadilisha: baharini «sakana ga iru», na samaki aliyelazwa juu ya meza ya muuzaji «sakana ga aru». Nenda sokoni asubuhi, umtazame kamba anayerukaruka ndani ya ndoo na yule aliyekwisha kulazwa juu ya barafu, ujiulize kila mmoja ni lipi. Miti na maua, ingawa hukua, ni «aru».

Vionyeshi, kwa upande mwingine, ni zawadi tupu. Kore, sore, are ni hiki, hicho, kile: karibu nami, karibu nawe, mbali nasi sote. Geuza ukurasa.

Hatua ya tano: vitenzi na vivumishi

Kitenzi cha Kijapani hunyambuliwa kama chetu. Shina la kula ni «tabe». Ongeza «-sase-» ni kulisha, kauli ya kutendesha. Ongeza «-rare-» ni kulishwa. Kisha «-nakat-» ya kukanusha na «-ta» ya wakati uliopita: «tabesaserarenakatta», sikulishwa kwa nguvu. Neno hilo humtisha Mwingereza. Tazama letu: si-ku-l-ish-w-a. Kutendesha kwetu hutangulia kutendwa, kama kwao; tofauti ni kwamba sisi hubandika ukanusho na wakati mbele, nao hubandika nyuma. Nafsi hawaiweki kabisa, huachiwa muktadha.

Umbo la «-te» ndilo linaloulizwa sana, na jibu langu ni «-ka-» ya masimulizi. «Nilikwenda sokoni, nikanunua samaki, nikarudi nyumbani»: «ichiba e itte, sakana o katte, uchi e kaerimashita». Sisi hutaja wakati katika kitenzi cha kwanza na vingine vikafuata. Wao huutaja katika cha mwisho. Kulitengeneza umbo hilo kunahitaji kukariri: vitenzi vinavyoishia kwa u, tsu, ru huwa «tte»; mu, bu, nu huwa «nde»; ku huwa «ite», gu «ide», su «shite»; na «iku», kwenda, huasi na kuwa «itte». Vile vya kundi la «taberu» hudondosha «ru» tu na kupokea «te». Mwisho pekee hautoshi kukujulisha kundi: «kiru» ya kukata ni «kitte», na «kiru» ya kuvaa ni «kite».

Vivumishi navyo ni makundi mawili, kama vyetu. Sisi tuna -zuri na -refu vinavyopokea viambishi, na tuna «safi», «ghali» na «rahisi» vya Kiarabu ambavyo havisogei. Wao wana vya «-i» vinavyobadilika vyenyewe, na vya «na», vingi vikiwa vya asili ya China, ambavyo havibadiliki. Kwa hiyo «ilikuwa ghali» ni «takakatta desu», wala si «takai deshita», kosa ninalolisahihisha kila wiki. Lakini «palikuwa kimya» ni «shizuka deshita». «Kirei», safi au -zuri, huishia kwa i lakini ni ya kundi la «na».

Adabu na saa

Maumbo ya «-masu» na «desu» ni ya heshima, na mgeni ayatumie kwa kila mtu mpaka azoeane naye. Usimwambie mtu «anata» kwa kudhani ni «wewe» isiyo na madhara. Kama sisi tusivyomwambia mzee «wewe», bali Mzee au Mama Fulani, wao hutaja jina na kulitia «-san». Jina lako mwenyewe usilitie.

La mwisho ni saa. Kijapani huhesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa moja yetu ya asubuhi ni «shichi-ji», saba yao. Ongeza au punguza sita kila mara, na uiandike pembeni kabla ya kuitamka. Nahodha wetu aliwahi kumwambia mgeni «ichi-ji», akimaanisha saa moja asubuhi. Mgeni alifika gatini saa saba mchana, kwa wakati kamili, maji yakiwa yamekwisha kupwa na mashua imekaa mchangani.